Sura ya Nne: Kipimo Kikisema Hapana

Mkazi wa kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, akishikwa na homa usiku, kuna mambo mawili anayoweza kuyakisia kabla hakujapambazuka. La kwanza ni kwamba atakayempokea asubuhi hatakuwa daktari bingwa, na huenda asiwe daktari wa shahada kabisa. Atakuwa tabibu mwenye stashahada au cheti, au muuguzi anayeshika chumba cha tabibu siku hiyo kwa sababu mwenzake yuko likizo, yuko semina, au amekwenda wilayani kufuata dawa. La pili ni kwamba atatobolewa kidole. Tone la damu litawekwa kwenye kipande cha plastiki cha kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya robo saa hivi mistari itasema.

Ikitokea miwili, mambo huwa mepesi: dawa mseto, maelekezo ya kuimeza pamoja na chakula, na siku ya kurudi. Sura hii inahusu siku ambayo mstari umetokea mmoja.

Mstari mmoja unajibu swali dogo sana. Kipimo kimeulizwa kama ndani ya damu hiyo kuna protini ya kimelea cha malaria, nacho kimesema hapana. Hakijasema mgonjwa ana nini. Homa ipo palepale, mwili unauma vilevile, na nje ya mlango benchi limejaa. Kazi ya utambuzi wa ugonjwa, ile inayomtofautisha mhudumu mwenye ujuzi na mtu anayegawa vidonge, huanzia hapo.

Kilosa ni mahali pazuri pa kuelewa ugumu wa kazi hiyo, maana wilaya hii imekusanya karibu kila aina ya maisha yanayozaa homa. Mto Mkondoa hufurika na kuacha maji mashambani. Upande wa Ruhembe na Kidodi kuna miwa, na penye miwa panya hawakosekani. Kimamba na Rudewa ni nchi ya mkonge. Wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig wanachunga ng'ombe jirani na mashamba ya mpunga na mahindi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikipitisha madereva wa malori waliotoka mbali na magonjwa yao. Mtu mwenye homa huko anaweza kuwa amevuna miwa, amechinja mbuzi, amekunywa maziwa mabichi, amelala kwenye nyumba ya udongo yenye papasi, au amelala bila chandarua. Kila jibu linafungua njia yake.

Kwa miaka mingi njia hizo zote zilifungwa na neno moja. Mwenye homa aliandikiwa malaria, akapewa klorokwini, akaenda. Wakati ule haukuwa uzembe. Klorokwini ilikuwa rahisi na salama, vipimo vilikuwa vichache, na kumkosesha dawa mtoto mwenye malaria kungeweza kumuua. Miongozo yenyewe iliagiza hivyo. Lakini mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutumia dawa mseto, ambayo ni ghali zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba mtu apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Vipimo vya haraka vilipoenea zahanati, kilichokuwa kimefichika nyuma ya neno malaria kikaanza kuonekana.

Moshi ndiko kilikoonekana kwa namna ya kutisha. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo, watoto na watu wazima. Wagonjwa 528, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wameandikiwa malaria. Walipopimwa kwa makini, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Miongoni mwa waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: homa ya mgunda, brusela, homa ya Q, homa za kupe. Wengine walikuwa na chikungunya. Na hapa ndipo takwimu inapouma: hakuna hata mgonjwa mmoja kati yao ambaye mhudumu aliyemlaza alikuwa ameandika ugonjwa huo katika orodha ya yale anayoyashuku. Hizo zilikuwa hospitali, zenye maabara na madaktari. Zahanati ya kijijini inafanya kazi hiyohiyo ikiwa na mikono mitupu zaidi.

Mwaka huohuo wa 2008, utafiti mwingine uliwachukua watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa bila kulazwa, baadhi Dar es Salaam na wengine Ifakara, jirani wa Kilosa upande wa kusini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Malaria ilikuwa asilimia 10.5 tu. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62.2, na kati ya hayo nimonia iliyothibitishwa kwa picha ya eksirei ilikuwa asilimia 5. Kwa jumla, watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, yaani ugonjwa ambao antibayotiki haiugusi. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa asilimia 5.9, na homa ya matumbo asilimia 3.7.

Namba hizo mbili za mwisho zinastahili kusomwa mara mbili na kila Mtanzania aliyewahi kutoka maabara ameambiwa ana "taifodi na UTI". Malaria ilipoondoka kwenye karatasi za majibu, nafasi yake haikubaki wazi. Ilijazwa. Kipimo cha Widal, kinachotafuta kingamwili za homa ya matumbo, kikifanywa mara moja tu hakiwezi kutenganisha ugonjwa wa leo na maambukizi ya zamani, wala na chanjo, wala na homa nyingine. Chembe chache za usaha kwenye mkojo wa mtu asiyeumwa anapokojoa hazitoshi kumwita mgonjwa. Hata hivyo majibu hayo yanaandikwa kila siku, na kila moja linafuatwa na sindano au vidonge vya siku tano. Watu wazima wenye akili zao wanasema "taifodi yangu imerudi" kana kwamba ni jamaa wa ukoo. Madhara yake yanalipwa na wote: bakteria wanajifunza kuzizoea dawa, na siku mtoto akipata nimonia ya kweli, dawa ya kwanza inashindwa.

Basi mtu aliye peke yake zahanati, mwenye kipimo kilichosema hapana, afanye nini?

Ahesabu pumzi. Hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko saa yenye mshale wa sekunde, na hakuna kipimo kinachorukwa mara nyingi kuliko hiki. Mapema miaka ya 1980 huko Goroka, Papua New Guinea, daktari wa watoto Frank Shann na wenzake walitafuta njia ya kumtambua mtoto mwenye nimonia mahali pasipo na eksirei. Waliona kwamba kasi ya kupumua inasaidia sana, na kwamba kifua kinachobonyea upande wa chini mtoto anapovuta hewa ni dalili ya hatari. Shirika la Afya Duniani lilijenga juu ya kazi hiyo na kuweka mipaka ambayo kila tabibu na muuguzi wa Tanzania ameisoma: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Lazima ihesabiwe dakika nzima, mtoto ametulia, nguo imeinuliwa. Anayehesabu robo dakika na kuzidisha mara nne anajidanganya, kwa sababu pumzi za mtoto mdogo hazina mpangilio ulio sawa. Mtoto anayelia hahesabiwi. Anasubiriwa anyonye, atulie.

Kabla ya pumzi kuna maswali manne ya hatari, na muuguzi mzoefu huyauliza huku macho yake yakiwa kwa mtoto. "Mama, ananyonya?" "Ananyonya kidogo." Hapo hasogei mbele. Anamwambia mama amweke mtoto titini, amwangalie kwa macho yake, maana "kidogo" inaweza kuwa mtoto aliyeshiba au mtoto asiye na nguvu ya kufungua kinywa. Je, anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea, haamki? Swali la degedege linahitaji upole wa pekee. Utafiti uliofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wazazi wengi waliihesabu degedege kuwa jambo lisilohusiana na malaria, la kutibiwa na mganga wa jadi kwanza. Mama anayehofia kugombezwa kwa kupitia huko atanyamaza, na historia ya ugonjwa itakuwa na tundu mahali pale palipo muhimu kuliko pote.

Kisha mikono inafanya kazi. Kiganja cha mtoto kinalinganishwa na cha mama kuona kama damu imepungua. Ngozi ya tumbo inavutwa na kuachiwa. Utosi wa mtoto mchanga unapapaswa kuona kama umevimba. Shingo inakunjwa taratibu, kidevu kikielekea kifuani, kutafuta homa ya uti wa mgongo. Masikio yanaangaliwa, koo linaangaliwa, ngozi inaangaliwa mwili mzima na si pale tu mama anapoonyesha. Haya yote yamo katika mwongozo wa matibabu ya watoto unaojulikana kwa kifupi kama IMCI, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuukubali, mwaka 1996. Mkoa wa Morogoro una sehemu ya heshima katika historia yake. Wilaya ya Morogoro na ile ya Rufiji ziliutumia mapema, zikalinganishwa na Kilombero na Ulanga zilizokuwa bado, na katika miaka miwili vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kule mwongozo ulikotumika. Haikujengwa hospitali mpya kuupata upungufu huo. Wahudumu walewale waliokuwapo walifundishwa kutazama kwa mpangilio, na fedha za wilaya zikapangwa kufuata magonjwa.

Kwa mtu mzima hakuna mwongozo mfupi wa namna hiyo, na historia ndiyo inayobeba mzigo. Bibi anaingia, anapokea shikamoo, anakaa. Anaumwa kichwa, mwili, homa ya siku nne. Swali la "unaumwa nini" limekwisha kujibiwa. Yanayofuata yanahusu maisha yake. Bibi, umekuwa shamba gani wiki mbili hizi? Maji yalikuwa yamesimama? Una kidonda mguuni? Kuna panya ghalani? Mnakunywa maziwa yaliyochemshwa? Kuna mnyama aliyetupa mimba? Homa ilikuja ikaondoka, kisha ikarudi?

Swali hilo la mwisho linatafuta homa ya papasi. Bakteria wake huonekana katika damu kwa hadubini wakati homa imepanda. Mtaalamu wa maabara wa zamani, akitafuta malaria kwenye kioo, aliweza kumkuta mdudu huyo aliyejipinda kama chemchemi. Kipimo cha haraka hakimwoni. Tulipohama kutoka kwenye hadubini kwenda kwenye plastiki tulipata kasi na usahihi juu ya malaria, lakini tukapoteza jicho lililokuwa likiona vingine. Hasara hiyo inaweza kufidiwa na mtu anayeuliza, na mara nyingi na yeye peke yake.

Maswali ya panya na maji yanatafuta homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na mifugo, hukaa katika maji na udongo wenye unyevu, na huingia mwilini kupitia michubuko au macho. Mgonjwa wa mwanzo anafanana kabisa na mgonjwa wa malaria. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimeitafiti kwa miaka mingi, na aina mojawapo ya bakteria hao imepewa jina la Sokoine. Umma kwa jumla uliisikia Julai 2022, pale wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi ilipopata wagonjwa wenye homa, maumivu makali ya kichwa na kutokwa damu puani. Taarifa ilianzia kwa wagonjwa waliofika zahanati ya Mbekenyera. Watu 20 waliugua na watatu walifariki. Sampuli zilipimwa Ebola, Marburg na UVIKO-19, zote hapana, na tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Maabara ndiyo iliyotaja jina. Lakini sampuli isingefika maabara kama mtu wa zahanati hangeona kwamba wagonjwa hawa hawafanani na wa jana, akainua simu.

Mnyama aliyetupa mimba anaelekeza kwenye brusela, au kwenye jambo kubwa zaidi. Kati ya Januari na Juni 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipita katika mikoa 10 ya Tanzania. Watu 309 walihesabiwa kuwa wagonjwa waliothibitishwa au walioelekea kuwa nayo, na 144 walikufa. Mikoa ya katikati, Dodoma na Morogoro, iliguswa sana. Mvua nyingi, mbu wengi, mifugo inayotupa mimba, kisha wachinjaji na wachungaji wenye homa: mfuatano huo unaweza kuonekana kijijini wiki kadhaa kabla haujaonekana wizarani, mradi aliyeko kijijini ameruhusiwa kuuona na kuuandika.

Neno kuruhusiwa lina uzito. Mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kuchunguza, kutambua ugonjwa na kutibu. Ford, aliyefariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, alipingwa sana, na hata baadhi ya wauguzi wenzake walimpinga. Botswana imekuwa ikiwafundisha wauguzi wa familia wa aina hiyo tangu miaka ya 1980. Tanzania ilishika njia yake. Tangu Azimio la Arusha, taifa lilijaza vijiji vyake waganga wasaidizi wa vijijini na matabibu, likawa na vyuo kama Chuo cha Maafisa Tabibu cha Kilosa, na kumwachia muuguzi uuguzi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yalisimama haraka kuliko watumishi walivyopatikana, na pengo hilo limezibwa kimyakimya na wauguzi, bila cheo wala mafunzo yanayolingana na kazi.

Na bado, mtu anayesema muuguzi hatambui magonjwa hajaingia kliniki ya wajawazito. Huko muuguzi anaanza na kumaliza. Anauliza mimba zilizopita, anapima presha, anapima kimo cha mimba, anapapasa mtoto amelalaje, anasikiliza mapigo yake, anaangalia mkojo kama una protini. Mama wa wiki 32 mwenye presha ya 140 juu ya 90 au zaidi, protini kwenye mkojo, kichwa kinachouma na macho yanayoona ukungu, anaelekea kwenye kifafa cha mimba, na anayelitambua hilo ni muuguzi mkunga. Yeye ndiye anayeanza dawa ya kuzuia degedege na kumpeleka hospitali, Kilosa mjini au Mtakatifu Kizito kule Mikumi. Akichelewa saa mbili, mama na mtoto wanaweza kufa. Taifa linalomwamini kwa hilo linaweza kumfundisha na kumwamini kwa homa, presha na sukari pia, mradi limpe elimu ya kweli, cheo chenye jina, mshahara unaolingana na mzigo, na mkubwa wa kumpigia simu.

Elimu peke yake haitoshi. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walifanya kazi mkoani Arusha wakilinganisha kile wahudumu wanachokijua na kile wanachokifanya. Walipoingia chumbani kutazama, uchunguzi ukawa bora mara moja: maswali yakaongezeka, wagonjwa wakaguswa. Baada ya wagonjwa kadhaa, mhudumu alimzoea mtazamaji akarudi kwenye desturi yake. Ujuzi ulikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni mtu anayejali kama unatumika. Usimamizi shirikishi wa wilaya, unapokuja, mara nyingi hukagua rejesta na stoo ya dawa; kukaa kando ya mhudumu akihesabu pumzi za mtoto ni jambo la nadra, ingawa ndilo lenye faida kuliko yote.

Njia nyingine imejaribiwa mkoani Morogoro na Mbeya. Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, zahanati na vituo vya afya 20 vilipewa kishikwambi chenye programu inayomwongoza mhudumu swali kwa swali, pamoja na kipimo cha oksijeni na vipimo vichache vya damu. Vingine 20 viliendelea kama kawaida. Katika vituo vya kawaida watoto 70 kati ya 100 waliandikiwa antibayotiki. Penye programu walikuwa 23. Baada ya siku saba, watoto wasiopona walikuwa sawa pande zote mbili, chini kidogo ya wanne katika mia. Maelfu ya watoto walikoseshwa dawa wasizozihitaji na hawakudhurika kwa kukoseshwa huko.

Kishikwambi hakijui kwamba mama huyu ametembea kutoka ng'ambo ya mto na hatarudi mvua ikinyesha. Mhudumu anajua. Kurudi ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa, tena sehemu inayodharauliwa. Mtoto mwenye mafua, kipimo hapana, pumzi 36, ananyonya vizuri, hahitaji sindano leo. Anahitaji kuonwa tena baada ya siku mbili au tatu homa ikiendelea, na kuletwa usiku huohuo akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida au akipata degedege. Muuguzi mzuri hamwulizi mama kama ameelewa, kwa sababu jibu ni ndiyo daima. Anamwomba amrudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Anauliza nani atabaki na watoto wengine, pikipiki ya usiku ni shilingi ngapi, na simu ya nani ina salio. Ndipo anaandika kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, katika safu ya ugonjwa, maambukizi ya njia ya hewa, na katika safu ya dawa anaandika parasetamo peke yake.